Madeni ya mdogo wangu yako kwenye ripoti yangu ya kredi, na kila nikipiga simu naambiwa mimi siye

Baba Neema, Fort Worth, Texas

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa yeyote aliyeshapambana na makampuni yanayotunza taarifa za mikopo hapa Marekani.

Mwaka huu mimi na mama Neema tuliamua kuomba mkopo wa nyumba. Afisa mkopo alipotoa ripoti zetu, ya mwenzangu ilikuwa safi. Yangu ikaonyesha gari lililochukuliwa na benki kwa kushindwa kulipa, bili ya hospitali iliyofikishwa kwa wakusanya madeni, na anwani ya Louisville, Kentucky, ambako sijawahi kuishi. Gari hilo nalijua. Ni la mdogo wangu, yeye ndiye anayekaa Louisville. Aliumia kazini, malipo yakamshinda, gari likaenda. Ni mambo yake na anayamaliza taratibu. Ila yamefikaje kwangu?

Sisi ni wa familia zile za Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972. Tuliletwa huku mwaka 2008 kutoka kambi ya Mtabila, Kigoma. Kambini tuliandikishwa wote kwa jina la baba, na kwenye karatasi wote tumezaliwa tarehe 1 Januari, kama wakimbizi wengi mnavyojua, ila miaka ni tofauti. Kadi za soshal (Social Security, zenye namba ya kila mtu hapa Marekani) tuliziomba siku moja, dirisha moja.

Sasa simu zao. Unaanza na mashine, unaingiza namba zote, unasubiri, halafu anakuja mtu aliye mbali sana. Nyuma yake unasikia wenzake wengi wanaongea kwa pamoja. Ni wapole, siwezi kusema wamenitukana. Shida inaanza kwenye maswali ya kukuthibitisha. Ananisomea anwani nne na kuniuliza niliwahi kuishi wapi kati ya hizo. Ya Louisville imo, za kwangu hazimo. Nasema hakuna hata moja. Ananiuliza benki gani ilinikopesha gari mwaka fulani. Nasema sikukopa gari mwaka huo. Basi, samahani bwana, hatukuweza kuthibitisha kuwa wewe ndiye, kwaheri. Yaani wanachukua makosa yaleyale ninayolalamikia na kunitahini nayo! Ili wakubali kuwa mimi ni mimi, inabidi nijibu kwa maisha ya mdogo wangu. Siwezi kusema uongo kwenye jambo kama hili.

Nikibahatika kupita hapo, tunakwama kwenye jina. Jina letu linaanza na Nd. Yeye anasikia M. Namtajia herufi moja moja, ananirudishia M, narekebisha, laini inakoroma, tunaanza tena. Kiingereza si lugha yangu ya kwanza na nadhani hata yeye si yake. Nikiomba mkubwa wake nawekewa muziki mpaka simu inakatika. Nikipiga tena napokewa na mwingine, naanza hadithi toka Kigoma. Nafanya zamu ya usiku ghalani, na saa zao za simu ndizo saa zangu za kulala.

Nilijaza pia lalamiko kwenye tovuti yao. Majibu yakaja: taarifa imethibitishwa kuwa sahihi. Sahihi kwa nani? Nani aliyenipigia akaniuliza? Nani aliyetazama leseni yangu?

Maswali yangu mawili. Kuna mtu nitamfikia mwenye uwezo wa kurekebisha, au hayupo? Na la pili, sitaki kuandika "deni hili ni la ndugu yangu fulani" nikamwongezea matatizo. Nifanyeje?

---

Kiti cha Saba, Nairobi

Pole sana kaka. Nitakuambia kutoka upande ule mwingine wa simu, maana nimekaa kwenye kiti hicho. Si kampuni hiyo ya kwako. Mimi nilikuwa kwenye kampuni moja kando ya Mombasa Road iliyopewa kazi ya kupokea simu za wateja wa ng'ambo.

Yule unayeongea naye hana kitufe cha kurekebisha. Hilo ulielewe vizuri kabla hujamaliza usingizi wako wote. Kwenye skrini ana maandishi ya kusoma, na ana visanduku vya kuchagua. Hadithi yako isipoingia kwenye kisanduku, haiendi popote. Sisi tuliweza kuandika maelezo mafupi chini ya ukurasa, lakini aliyepokea simu inayofuata hakuwa na muda wa kuyasoma. Kila simu ilihesabiwa dakika. Ukizidisha, jioni jina lako linasomwa mbele ya wenzako. Kuna mama mmoja mzee aliwahi kuniomba nisikate, akisema mimi ndiye wa kwanza kumsikiliza mpaka mwisho. Nilimsikiliza. Sikuweza kumsaidia chochote, na nilikatwa alama za siku ile. Mpaka leo nikimkumbuka nasikia vibaya.

"Mkubwa" unayemwomba mara nyingi ni mwenzake aliyekaa viti viwili kutoka kwake, mwenye skrini ileile. Mwenye uamuzi yuko kwenye kampuni iliyotoa kandarasi, nasi hatukuwa hata na namba yake. Hasira zako zielekeze huko. Waliojenga mfumo huu walijua mteja atachoka kabla ya kufika kwao.

Kwa hivyo simu itumie kwa jambo moja tu: uliza anwani ya posta ya kupeleka malalamiko, andika tarehe na namba ya kumbukumbu ya simu, kata.

---

Mama Ashura, Columbus, Ohio

Baba Neema, nafanya kazi na shirika linalosaidia wakimbizi na makaratasi, na kesi yako naijua hata kabla sijakuona. Hapa wanaita faili mchanganyiko, na familia zetu zinapatwa nalo sana. Sababu yake hii hapa.

Kabla ya Juni 2011, namba za soshal zilitolewa kwa mfuatano. Tarakimu tatu za mwanzo zilifuata eneo ulikoombea, mbili za kati zilikuwa kundi, nne za mwisho zilipanda moja baada ya nyingine. Ndugu wawili dirisha moja siku moja mnaweza kutofautiana tarakimu ya mwisho tu. Zitazame kadi zenu utaona. Na programu za makampuni haya hazidai namba yote ilingane. Jina la ukoo likiwa moja, tarehe ikifanana, namba ikikosana kidogo, programu inakubali kuwa ni mtu mmoja. Ongeza 1 Januari yetu sote hapo.

Kuhusu lile jibu la "imethibitishwa": lalamiko lako likifika, kwa kawaida hugeuzwa kuwa msimbo wa tarakimu chache kwenye mfumo unaoitwa e-OSCAR. 001 maana yake anasema deni si lake. 112 maana yake anadai taarifa si sahihi. Msimbo huo unatumwa kwa aliyeripoti deni, naye anatazama kompyuta yake: jina lipo, deni lipo, anajibu sahihi. Kwa upande wake ni sahihi kweli, kwa sababu deni lipo, ni la mdogo wako! Hakuna aliyeuliza kama faili limechanganya watu wawili. Na kwenye kesi za mahakamani imeshatoka kuwa barua za malalamiko zimekuwa zikisomwa na wakandarasi wa Ufilipino na India, ambao kazi yao ni kuchagua huo msimbo. Mimi huwa inaniuma. Mtu anaambatanisha kadi yake, leseni yake, barua ya mwajiri, vyote vinaishia kuwa tarakimu tatu.

Kwa hiyo acha simu, acha na tovuti. Andika barua. Iwe fupi: "Faili langu limechanganywa na la mtu mwingine. Akaunti hizi si zangu. Anwani hii si yangu." Orodhesha akaunti kwa majina na namba zake kama zilivyo kwenye ripoti. Mdogo wako usimtaje kabisa, hulazimiki kusema ni za nani. Ambatanisha nakala ya leseni, kadi ya soshal, bili ya umeme au taarifa ya benki yenye anwani yako, na ukurasa wa ripoti wenye makosa umezungushiwa kalamu. Nenda posta, uombe Certified Mail yenye risiti ya kurudishwa, ile kadi ya kijani. Ikirudi na sahihi yao, itunze pamoja na nakala ya kila kitu.

Sheria ya Fair Credit Reporting Act ya mwaka 1970 inawapa siku 30 za kuchunguza tangu walipopokea, na 15 za nyongeza kama utawatumia taarifa nyingine katikati. Ndani ya siku 5 za kazi lazima wampelekee aliyeripoti deni taarifa zote muhimu ulizotuma. Wakishindwa kuthibitisha, lazima wafute. Peleka barua kwa kila kampuni ambayo ripoti yake ina makosa, maana moja ikirekebisha haina wajibu wa kurekebisha kwa nyingine. Nyingine mpelekee aliyekopesha hilo gari, umwambie hukukopa kwake.

Na afisa mkopo wako muulize habari ya kukokotoa upya kwa haraka alama zako za kredi, zile anazotazama mkopeshaji kabla ya kukukopesha. Wewe huwezi kuomba, yeye anaweza. Ukipata barua ya mkopeshaji wa gari inayosema akaunti si yako, siku chache zinatosha.

---

SkoaJuu

Ndugu usijisumbue na barua, kuna jamaa wa kusafisha kredi Dallas, unamlipa kabla ya kazi, anafuta kila kitu. Njoo pembeni nikupe namba.

---

Mama Ashura, Columbus, Ohio

Baba Neema usiende pembeni. Sheria ya nchi hii inakataza anayesafisha kredi kuchukua pesa kabla hajamaliza kazi aliyoahidi. Anayedai malipo kwanza ameshavunja sheria siku ya kwanza. Na hakuna anachoweza kuandika ambacho wewe huwezi kuandika bure. Watu wetu wameliwa sana hapa, naomba wasimamizi walitazame hilo.

---

Mwanafunzi wa Sheria, Lowell, Massachusetts

Naongeza mambo ambayo hayajaguswa.

Barua ikijibiwa tena "imethibitishwa", peleka malalamiko CFPB, ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha. Unaweza kujaza kwenye tovuti yao au kwa simu, na kwa simu wana wakalimani wa lugha zaidi ya 180. Kampuni kwa kawaida hutakiwa kujibu ndani ya siku 15. Si maneno matupu: Januari 2025 ofisi hiyo iliiamuru Equifax, moja ya makampuni matatu makubwa yanayotunza taarifa za mikopo, ilipe dola milioni 15 kwa kushindwa kuchunguza malalamiko ya watu ipasavyo.

Baada ya hapo ni mahakama. Tangu mwaka 1997, katika kesi ya Cushman dhidi ya Trans Union, nyingine kati ya hayo matatu, mahakama ya rufaa ilisema kampuni haiwezi kurudia tu alichosema mkopeshaji na kuuita uchunguzi. Ukithibitisha walikiuka sheria kwa makusudi, fidia ya kisheria ni dola 100 hadi 1,000 hata bila kuonyesha hasara, na ukishinda wao ndio hulipa wakili wako. Ndiyo maana mawakili wa mambo haya wengi hawadai senti mwanzoni.

Lakini mkopo wa nyumba ukikataliwa, tunza barua ya kukataliwa! Mwaka 2021, katika kesi ya TransUnion dhidi ya Ramirez, Mahakama Kuu ya Marekani iliwatenga wanachama wengi wa kesi ile kwa sababu taarifa zao potofu hazikuwahi kutumwa kwa mkopeshaji yeyote. Ya kwako ilitumwa, na ushahidi ni hiyo barua. Pia inakupa haki ya ripoti ya bure kutoka kampuni iliyotumika, ukiiomba ndani ya siku 60.

---

Baba Neema, Fort Worth, Texas

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimetoa kadi yangu, nikampigia mdogo wangu akanisomea ya kwake. Ni kweli, tumepishana tarakimu ya mwisho tu. Tulinyamaza wote kwenye simu.

Ndugu yangu wa Nairobi, nimekuelewa. Kijana yule nilimpandishia sauti, nikimpata tena nitaongea naye kwa upole, ila sitategemea simu tena. Barua mama Neema amezichapa, kesho nikitoka zamu napitia posta.

Moja tu limebaki. Mdogo wangu anauliza kama na yeye aandike, kwa kuwa kwake yeye hajawahi kuona tatizo.

---

Mama Ashura, Columbus, Ohio

Aandike, na kabla ya hapo aombe ripoti zake zote tatu, za makampuni yote matatu, kwenye AnnualCreditReport.com, siku hizi ni bure kila wiki. Mchanganyiko unaweza kuwa wa pande zote mbili. Kama kadi zako za benki unazolipa vizuri zimeingia kwake, ndizo zinazompandisha, na faili likitenganishwa alama zake zinaweza kushuka ghafla. Ajue mapema, asije akasaini mkataba wa gari jingine wiki hiyohiyo kwa riba aliyoahidiwa juu ya alama zisizo zake. Wewe tuma zako kesho, usimsubiri.