Mjadala: Je, ngome ya Lugard ingeachwa mahali pake Old Kampala?

Mwenyeji wa Rubaga
Juzi niliwapeleka wageni kutoka Mombasa kwenye Msikiti wa Taifa, ulio juu ya kilima cha Old Kampala. Akina mama walipewa nguo za kujitanda, tukapanda mnara tukaviona vilima vya Mengo, Namirembe na Kibuli. Mgeni mmoja aliponiuliza iko wapi ngome ya Lugard, yule afisa Mwingereza wa enzi za kuingia ukoloni, nilimwonyesha jengo la mfano lililo pembeni, kwa sababu ngome yenyewe ilibomolewa ujenzi wa msikiti ulipofufuliwa. Naamini ingeachwa, maana Kampala ilianzia pale mwaka 1890.

Mjukuu wa Kasubi
Ndugu, neno hilo "ilianzia" limenichoma. Kilima kile kilikuwa malisho ya swalapala wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na jina la Kampala limetokana na hao swalapala. Lugard alipiga kambi tu, na Januari 1892 bunduki yake ya rashasha ya Maxim ikawamiminia risasi Waganda wa upande wa Wakatoliki. Siwezi kuililia ngome ya namna hiyo. Hata Kiswahili mnachokitukuza kililetwa na askari wake Wanubi waliotoka Sudan, ndiyo maana bibi yangu akikisikia hufunga mlango.

Mnubi wa Bombo
Shikamoo nyingi kwa bibi, lakini hilo si kweli. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu kutoka pwani, alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na Mutesa wa Kwanza alikijua Kiswahili kabla Lugard hajaikanyaga Buganda. Wazee wetu, waliokuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria, na kuchukuliwa na Lugard kule Kavalli karibu na Ziwa Albert mwaka 1891, walikuja wakisema Kiarabu chao. Kiswahili walikikuta huku. Bibi aliogopa kwa haki, ila aliyemtisha ni mwenye bunduki aliyekisema.

Mjukuu wa Kasubi
Kwenye vizuizi vya barabarani vya askari waliotuamrisha kwa Kiswahili, Mzee wangu, hakuna aliyetutenganishia lugha na bunduki.

Mwenyeji wa Rubaga
Nakubali kwamba "ilianzia" lilikuwa kosa langu. Hata hivyo, kilima hicho kimebeba swalapala, kambi ya Lugard, makumbusho ya kwanza ya Uganda ya mwaka 1908, ardhi aliyowapa Waislamu Idi Amin mwaka 1972, na hatimaye fedha za Gaddafi wa Libya zilizoumaliza msikiti uliokwama kwa miaka mingi. Siombi msikiti uguswe. Naomba liwekwe jiwe moja lenye maandishi, kwa sababu mgeni wangu alitaka kujua ngome ilisimama wapi hasa, na mimi mwenyeji nilishindwa kumwonyesha hata kwa kidole.