Wiki sita kabla ya mtihani wa juu wa taarifa za fedha: niahirishe au niende?

Mwanaleja
Wakuu, salamu. Naomba ushauri wa haraka, dirisha la kuahirisha linafungwa Ijumaa na usingizi umenipaa. Nina mtihani wa juu wa taarifa za fedha, zimebaki wiki sita. Juzi nimefanya mtihani wa majaribio nikapata 41, na wa kufaulu ni 50. Mada nyingi nazimudu: upangaji (kukodi mali) wa IFRS 16, moja ya viwango vya kimataifa vya uhasibu, niko vizuri, mapato ya IFRS 15 niko vizuri. Alama 9 zinapatikana kwa wiki sita, au niahirishe tu?

Kitabu_Kikuu
Zinapatikana, ila kagua kwanza notisi zako. Ukikuta zinamtaka mpangaji atenganishe upangaji wa uendeshaji na wa kifedha, hizo ni za IAS 17, kiwango cha zamani cha upangaji kilichoondoka 1 Januari 2019. Na IFRS 18 ilitolewa Aprili 2024 kuchukua nafasi ya IAS 1 ya uwasilishaji wa taarifa za fedha, ingawa inaanza kutumika kwa vipindi vya kuanzia 1 Januari 2027. Kiwango kinaweza kutahiniwa kabla hakijaanza kutumika. Fungua orodha ya viwango vya muhula wako uione kwa macho yako.

Dada_Mkaguzi
Mdogo wangu, 41 ni jumla, haisemi ugonjwa uko wapi. Lete alama za kila swali na dakika ulizotumia.

Nidhamu_Kwanza
Kijana, zima simu, lala mapema, soma kila siku bila kuruka. Mtihani wa ngazi hii haumwonei mtu, unamwonesha alivyojiandaa. Wengi mnatafuta njia ya mkato.

Mwanaleja
Asante mzee. Dada, swali la 2, la 3 na la 4 nimepata 35 kati ya 70. La kwanza sikulitaja kwa sababu nimeshaamua kutolihangaikia.

Dada_Mkaguzi
La kwanza ni la lazima na lina alama 30. Umepata ngapi, na kwa muda gani?

Mwanaleja
6. Ni hesabu za kundi, yaani za kampuni mama na tanzu zake zikiunganishwa. Nilitumia dakika 110 kwenye hilo peke yake, na mtihani mzima saa nne na dakika kumi. Najua muda unaoruhusiwa ni saa tatu na robo. Lakini nielewe dada: hesabu za kundi ni bahari, nikizama huko sitoki. Mpango wangu ni kuokota hizo 6 na kukaza maswali matatu yaliyobaki.

Dada_Mkaguzi
Piga hesabu ya huo mpango. Ukibaki na 6, unahitaji 44 kati ya 70, karibu asilimia 63, mahali ambapo leo unapata asilimia 50. Ukilipandisha la kwanza hadi 15 tu na mengine yakabaki yalivyo, umefika 50. Na hiyo 41 yako si 41, kwa sababu dakika 55 za mwisho hazipo kwenye chumba cha mtihani. Dakika 195 kwa alama 100 ni kama dakika 1.95 kwa alama. Alama 30 ni dakika 58. Ikifika ya 58, kalamu inahama, hata kama mizania haijafungwa.

Hizo 30 ziligawanywaje?

Mwanaleja
18 za hesabu, 12 za maelezo. Maelezo sikugusa, dakika zote 110 ziliishia kwenye hesabu. Na kinachoniuma ni kwamba mizania yangu ilikubali, pande zote mbili zikalingana! Kampuni mama imenunua asilimia 80 ya kampuni tanzu, mwaka mmoja kamili kabla ya kufunga hesabu. Taslimu 480,000, na nyingine 121,000 kulipwa baada ya miaka miwili, riba asilimia 10. Thamani ya haki (ya soko) ya wanahisa wachache, wenye ile asilimia 20 iliyobaki, 130,000. Mali halisi ya tanzu (mali ukitoa madeni) 520,000 vitabuni, na mashine imeongezeka thamani kwa 60,000, imebakiza miaka mitano. Kodi iliyoahirishwa wamesema tuipuuze. Nikapata gudwili, yaani kile bei inachozidi mali halisi, 151,000.

Urari_Safi
Hapa nina mashaka. 121,000 ukiirudisha miaka miwili kwa asilimia 10 inatoa 100,000 kamili. Namba nzuri kupita kiasi. Gudwili ni 130,000, kwa hiyo umekosea kwa 21,000, halafu unatuambia mizania ilikubali? Haiwezekani. Hii ni kazi ya darasani mtu anataka afanyiwe, hadithi ya kukosa usingizi ni ya kutunga. Wakuu, msimfanyie.

Nidhamu_Kwanza
Nilihisi. Uaminifu ndiyo nguzo ya taaluma hii.

Kitabu_Kikuu
Urari, taratibu. Namba za mtihani hupangwa zigawanyike vizuri, hilo si ushahidi. Na mizania inakubali kabisa. Hakupunguza deni hadi thamani ya sasa, yaani 121,000 ikitolewa riba ya miaka miwili, akaliacha 121,000, wala hakutoza riba ya mwaka. Deni sahihi mwisho wa mwaka ni 110,000, yaani 100,000 pamoja na riba ya 10,000. Gudwili imezidi 21,000 upande wa mali. Upande wa pili deni limezidi 11,000, na faida iliyolimbikizwa imezidi 10,000 kwa riba isiyotozwa. Jumla 21,000. Mtu wa kutunga hadithi asingelifikia kosa la namna hii.

Urari_Safi
Nimepitia upya, inafunga. Niwie radhi, ndugu.

Mwanaleja
Hakuna neno. Ila bado naona niache.

Dada_Mkaguzi
Kosa lako la gudwili ni moja na umelifanya mara moja. Msahihishaji anakukata hapo tu, kinachofuata kinasahihishwa kwa namba yako mwenyewe, mradi mahesabu ya pembeni yaonekane. Wiki mbili za kwanza usifanye swali zima. Kila siku fanya jedwali moja tu la kampuni tanzu: mali halisi siku ya kununua na siku ya kufunga, sambamba. Hapo ndipo gudwili, wanahisa wachache na faida iliyolimbikizwa zinapotoka. Wiki ya tatu ongeza kampuni shirika (mama ana ushawishi tu, hana udhibiti) na tanzu ya nchi ya nje yenye fedha za kigeni, ya IAS 21, ya nne mtiririko wa fedha. Mbili za mwisho, mitihani mizima ya dakika 195, kitabu kimefungwa. Na siku yenyewe anza na maelezo, alama 12 kwa dakika 23. Ukieleza kwa nini malipo ya baadaye yanashushwa hadi thamani ya sasa, unapata alama hata kama hesabu itakuponyoka.

Sasa nitolee wanahisa wachache wa mwisho wa mwaka. Weka saa.

Mwanaleja
Faida ya tanzu ya mwaka 100,000. Tanzu imemuuzia mama bidhaa za 90,000, faida asilimia 25 juu ya gharama, theluthi iko stoo. Nimetoa uchakavu wa nyongeza wa ile mashine 12,000, ikabaki 88,000. Asilimia 20 ni 17,600. Nikajumlisha na 130,000 za mwanzo, jibu 147,600. Dakika 14.

Dada_Mkaguzi
Muuzaji ni nani?

Mwanaleja
Tanzu... Kwa hiyo faida ya bidhaa za stoo, ambazo hazijauzwa nje ya kundi, inakatwa kwake. 30,000 mara asilimia 25 ni 7,500.

Kitabu_Kikuu
Juu ya gharama, siyo juu ya bei. 25 kwa 125.

Mwanaleja
6,000. Inabaki 82,000, asilimia 20 ni 16,400. Wanahisa wachache 146,400.

Dada_Mkaguzi
Ndiyo hiyo. Kesho irudie kwa karatasi tupu, dakika 8.

Mwanaleja
Sawa dada. Ijumaa siahirishi.