Anime katika kipindi cha fasihi: nianzie wapi?

Swali
Walimu wenzangu, wanafunzi wangu hutaja tamathali za usemi bila shida, lakini nikiwauliza zinafanya kazi gani katika matini, hunyamaza. Nafikiria kutumia anime (filamu za katuni za Kijapani) ili wajifunze kuchambua maneno pamoja na picha, ila nahofia kipindi kitageuka burudani tupu.

Jibu la kwanza
Mwalimu, usiwaonyeshe filamu nzima; dakika 3 zinatosha. Mimi hutumia Spirited Away (2001) ya Hayao Miyazaki, pale mchawi Yubaba anapozinyanyua herufi za jina la msichana Chihiro kutoka kwenye mkataba wa kazi na kumwachia moja tu, ambayo ikisomwa peke yake hutamkwa Sen. Kwanza huwaonyesha bila sauti, nao huandika wanachokiona tu: uso mkubwa wa Yubaba, udogo wa mtoto, kiganja kinachozifumba herufi. Ndipo nauliza: anayenyang'anywa jina ananyang'anywa nini hasa?

Jibu la pili
Nakubaliana, ingawa kwa usimulizi napendelea Grave of the Fireflies (1988) ya Isao Takahata, ambamo kijana Seita anatangaza kifo chake mwanzoni kabisa, hivyo mwanafunzi haulizi tena kitatokea nini bali ilikuwaje. Mizuka ya Seita na dada yake huonekana katika mwanga mwekundu, nao wanafunzi hugundua wenyewe kwamba rangi hiyo inautenga wakati wa msimulizi na wakati wa matukio. (Ni filamu nzito, itazame peke yako kwanza.)

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nitaanza na tukio la mkataba, bila sauti.