Mdogo wangu anapuliza rangi za magari, usiku kifua kinambana. Hii ni pumu?

DadaWaArua: Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa mafundi na wahudumu wa afya. Mdogo wangu anapuliza rangi kwenye gereji moja hapa Ndeeba, Kampala. Utotoni hakuwa na pumu. Tangu waanze zile rangi za kuchanganya na hadena, ile dawa ya kugandisha rangi, kikohozi hakimwachi. Mchana anajikongoja, ila saa nane usiku anaamka, anakaa kitandani ameinama, mikono magotini, kifua kinalia filimbi. Akienda nyumbani Arua kwa sikukuu anapumua vizuri kabisa, akirudi kazini ni yale yale. Kliniki wanampa antibiotiki tu. Na kila jioni anakunywa maziwa, eti yanasafisha kifua.

MzeeWaGereji: Pole binti yangu. Maziwa tumekunywa sote. Avae barakoa, atazoea.

Muuguzi_Jinja: Shikamoo mzee, lakini hapo kwenye kuzoea nakataa. Maziwa yanaenda tumboni, mvuke unaenda mapafuni. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, huwasha njia za hewa, na mtu akivuta nyingi kwa mpigo inaweza kumwanzishia pumu. Ila mimi naishuku zaidi hadena. Ina isosianeti, kemikali inayojulikana sana kwa kuleta pumu ya kazini. Mtu anaweza kuifanyia kazi miezi, hata miaka, bila shida, halafu mwili unaikataa. Ukishaikataa, hata chembe ndogo inambana, kwa hiyo kadiri anavyoendelea ndivyo anavyozidi kuumia. Kubanwa usiku baada ya kazi na kupata nafuu akiwa likizo ni dalili kubwa. Dada, mpeleke Mulago kwa madaktari wa mapafu, na amweleze daktari kazi yake kabla ya kitu kingine. Watampima nguvu ya pumzi, na wanaweza kumpa kifaa cha kupuliza aandike vipimo siku za kazi na za mapumziko. Inhela ya bluu inafungua kifua kwa saa chache tu, chanzo kinabaki.

FundiRangi_Mbarara: Naongezea. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke. Isosianeti inaweza kukudhuru kabla hujasikia harufu, hivyo hata kichujio cha mkaa kikichoka hutajua. Salama zaidi ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Na asinawe mikono kwa thina! Hadena hupita hata kwenye ngozi. Ila kwa aliyekwisha kuathirika, ningemtoa kwenye rangi kabisa, anyooshe bodi mbali na chumba cha kupulizia.

DadaWaArua: Asanteni sana. Bosi akimfukuza je?

Muuguzi_Jinja: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi pesa. Cheti cha daktari akitunze, kisha amwone afisa wa kazi, maana magonjwa ya kazini yana fidia. Lakini usiku wowote akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, msingoje asubuhi. Hospitali usiku huo huo.