Mama anataka kufia nyumbani, kaka mwenye bima hataki. Nishaurini

Habari za jioni wakuu. Mama ana saratani ya koo la chakula, imeshasambaa. Daktari katwambia wazi kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Mwenyewe anataka arudi Usa River, alale kitandani kwake. Kaka yuko Dar, mtumishi wa serikali, mama anatibiwa kwa bima yake, na kasema asitoke wodini.

Bima inalipa kitanda, mimi hainilipi. Nauza ndizi na parachichi soko la Tengeru. Nikikosa Jumatano na Jumamosi, nakula mtaji. Tukimrudisha, pampasi, uji, bodaboda ya kufuata dawa, vyote juu yangu. Nikisema, kaka anajibu natanguliza hela. Mwenye mshahara ndiye mwenye sauti. Nifanyeje?

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Kabla hamjamtoa, ulizeni huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyeweza kupona. Bado anameza? Kama anameza, kuna morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, hunywewa kila baada ya saa 4, apewe na dawa ya kulainisha choo maana inafunga. Haiuzwi duka la dawa la mtaani, kwa hiyo mjue mapema nani ataifuata ikiisha. Kama hamezi, daktari awaambie atatulizwa kwa njia gani. Hilo ndilo litaamua kama nyumbani inawezekana, siyo kaka. Hospitali ya Selian hapo Arusha wana hospisi, kitengo cha wagonjwa kama mama, wauguzi wao hufuata wagonjwa majumbani. Waulizeni kama watafika kwenu.

Kijana wa Sakina: Andika hesabu ya siku za soko unazopoteza, mtumie. Angeajiri mtu wa kumuuguza si angemlipa? Dada yake ndo bure?

Mama D: Mimi napinga kidogo. Baba tulimrudisha Marangu kwa sababu hela iliisha, siyo kwa kupenda kwake. Usiku mgonjwa analia na dawa hamna, usiombe. Bila dawa bora abaki wodini.

Mmeru Halisi: Mjomba aitishe kikao. Akifariki, turubai, ng'ombe na gari vitapatikana kwa siku mbili, watu watachanga mpaka wa Mwanza. Ombeni hiyo michango sasa, akiwa hai.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nesi, uji mwepesi bado unapita. Kesho namuuliza daktari hiyo morfini, halafu nampigia mjomba. Kaka namtumia hesabu usiku huu, najua atanuna.