Mwanga uliobaki ndani ya swichi ya sola: ni cheche au ni tao la umeme?

Muulizaji, Newala
Habari zenu, ndugu. Nimefunga paneli 4 za sola kwa mfululizo ili ziendeshe pampu inayopandisha maji ya mvua kutoka kisimani. Juzi nilipozima swichi, ile ya kawaida ya ukutani, mwanga wa buluu uliendelea kuwaka ndani yake mpaka plastiki ikaanza kuyeyuka. Fundi ameniambia kuwa ni cheche tu. Je, cheche hudumu hivyo?

Mwalimu wa fizikia, Lindi
Haidumu, ndugu yangu. Hilo lilikuwa tao. Cheche huruka pale volti zinapoishinda hewa, kwa kadiri ya volti 3,000 kwa kila milimita, kisha huzimika papo hapo kwa kuwa chaji iliyoisukuma imekwisha, kama inavyotokea kwenye plagi ya pikipiki. Katika tao, hewa iliyofikia joto la maelfu ya nyuzi hugeuka plazima inayopitisha umeme, na kwa hiyo volti chache zinatosha kuliendeleza, mradi mkondo usikatike.

Mchomeleaji, Masasi
Mwalimu amesema kweli. Mimi huchomelea kwa volti 20 hadi 30 hivi, ambazo peke yake haziwezi kuruka hata upenyo mwembamba. Ndiyo maana naigusisha fimbo kwenye chuma kwanza, halafu naiinua milimita chache, na nikiiinua kupita kiasi tao linakatika. Tusichanganye na cheche za mashine ya kusaga chuma, kwani hizo ni chembe za chuma zinazoungua, wala si umeme.

Fundi wa sola, Mtwara mjini
Swichi yako ilifanya vilevile: vidole vyake viligusana, vikaachana kidogo, tao likabaki katikati. Kwa umeme wa gridi wa hezi 50, mkondo hupita sifuri mara 100 kila sekunde, na tao hupata nafasi ya kufa. Mkondo wa paneli huenda upande mmoja bila kupumzika. Nunua swichi iliyoandikwa DC, yaani ya mkondo wa upande mmoja, yenye volti zinazozidi jumla ya paneli zako zote 4 zikiwa hazina mzigo, yaani haziendeshi chochote, kwa sababu katika mfululizo volti hujumlishwa. Usichomoe kamwe viungio vya paneli wakati pampu inazunguka.

Muulizaji, Newala
Nashukuru. Kumbe ndiyo sababu swichi hiyohiyo haikuwahi kunisumbua nilipokuwa na paneli 1 ya volti 12: volti zake zilikuwa ndogo mno kuliendeleza tao.