TEA yangu ya 309A imerudishwa, barua za kazi za Dar "hazina masaa"

Fundi wa Temeke (Brampton):
Habari zenu wote, na shikamooni mnaostahili. Juzi nimepata jibu, TEA (maombi ya hapa Ontario, Kanada, ya kupima kama uzoefu wa nje unatosha) ya 309A, yaani fundi umeme wa majengo, imerudishwa, wanasema barua nilizoambatisha hazionyeshi masaa wala mchanganuo wa kazi. Mimi Dar nilikuwa na kontrakta mmoja tukifunga umeme kwenye maghorofa Kariakoo na Upanga, kampuni ilishakufa, bosi yupo ila simu hapokei. Nina Trade Test Grade I ya VETA na leseni ya kufunga umeme ya EWURA, nikajua nimemaliza, kumbe bado. Swali langu: hati ya kiapo ya fomani wangu wa zamani wanaipokea? Kuna aliyepita njia hiyo? Pesa ya maombi hairudi ndo maana nauliza kabla sijatuma tena.

Jirani (Scarborough):
Pole sana buda. Mimi nilikuja na NITA Grade One, ile cheti ya ufundi ya Kenya, nikaona hii mambo ya barua itanizeesha, nikaingia apprentice, mwanafunzi wa kazi, kama mtoto. Sponsor, yaani mwajiri, akaniandikisha, nikaanza kubebea vijana ngazi na mvi zangu kichwani, lakini masaa inaandikwa na hakuna wa kukuuliza ya Nairobi. Shule unaenda basic, intermediate na advanced. Saa hii niko na C of Q yangu, ile cheti ya fundi kamili. Si uende tu hiyo njia? Masaa ni 8000 hivi.

Mzee wa Hamilton:
Sio 8000 hivi. Ni 9000: 8160 za kazini na 840 za darasani. Jamani mambo ya leseni tuandike namba zilivyo, kuna watu wanazifuata humu.

Kijana wa Temeke, masaa usibuni, yanahesabika. Sheria ya kazi ya Tanzania ni masaa 45 kwa wiki, likizo siku 28, kwahiyo weka wiki 48, ni 2160 kwa mwaka bila ovataimu, mwaka wa tano umeshavuka 9000. Barua iseme hivyo halafu iseme ulifanya nini hasa: kutindua kuta, kulaza konduiti (mabomba ya waya) kabla ya kumwaga slabu, kuvuta waya, kufunga DB (boksi la breka), kupima insulation na ethi. Barua zetu nyingi zinasema "alikuwa mwaminifu na mwenye nidhamu", sasa huyo anayehesabu masaa nidhamu yako ataijumlisha wapi?

Mama Nuru (Mississauga):
Mume wangu alishauriwa aombe 442A eti ndo rahisi. Akapoteza muda bure. Sisi tulitumia stetimenti ya NSSF kuonyesha alikuwa kazini miezi yote ile, jaribu na wewe kaka.

Jirani:
442A ni ya viwandani mama, mashine na mota. Yeye ni wa majengo. Nani alimshauri hivyo?

Mama Nuru:
Mtu wa humu humu. Simtaji.

Fundi wa Temeke:
NSSF sina dada, tulikuwa deiwaka, tunalipwa Jumamosi mkononi. Naomba nirudie, hati ya kiapo je?

Mzee wa Hamilton:
Deiwaka ndo tatizo lenyewe. Lakini nikwambie kitu kingine, hata hayo masaa wakikupa, usidhani mtihani utakuhurumia, 70% ndo ya kupita na wengi wetu tunaanguka kwa sababu ya mazoea ya nyumbani. Rangi kwanza. Sisi wa zamani tulizoea nyekundu ni laivu, waya wenye umeme, nyeusi nyutro, waya wa kurudi. Huku nyeusi ni laivu! Nyutro ni nyeupe, ethi ni kijani au waya mtupu wa shaba. Nimemwona fundi mzuri kabisa kutoka kwetu anashika nyeusi kwa kujiamini kabisa, fomani akamvuta shati. Tangu siku hiyo kila kijana ninayempokea namfundisha kitu kimoja kabla ya vyote: zima breka, piga kufuli, weka tagi, jaribu testa kwenye kitu unachojua kina umeme, pima waya wako, halafu rudi ujaribu testa tena. Hiyo ya mwisho watu wanaona uvivu, lakini testa nayo inakufa.

Pili benda, chombo cha kukunja bomba. Nyumbani PVC unaingiza springi unaikunja kwa goti, na plasta inafunika aibu. Huku EMT ni bomba la chuma, linapita nje, kila mtu analiona. Una kikwazo cha inchi 4, unakunja digrii 30, unazidisha kwa 2, alama zako ziachane inchi 8, na kumbuka bomba linapungua inchi 1 kwenye urefu. Mikunjo yote miwili ikae kwenye mstari mmoja, ukikosea bomba linakuwa na mkia wa mbwa na wanalining'iniza kantini mlicheke wote.

Kwenye nyumba za mbao hakuna kutindua, unatoboa stadi (nguzo za mbao za ukuta) na kupitisha kebo ya NMD90, tundu likikaribia ukingo chini ya milimita 32 unaweka bati la kuzuia misumari.

Jirani:
Umesema kweli mzee. Ila volti 120 ya huku ni mchezo, stima ya kwetu 240 ndo ilikuwa inakuamsha.

Mzee wa Hamilton:
Mchezo wapi? Taa za maofisi huku ni 347, fezi kwa fezi 600. Usiwadanganye watoto wa watu.

Mpenda Pwani (Ottawa):
Mnanikumbusha mafundi wetu Tanga, testa mfuko wa shati, penseli sikioni, anakula mihogo juu ya jukwaa. Huku boksi la chakula unalifungulia ndani ya gari, heater inawaka, kimya. Sasa hivi kurudi nyumbani si wazo baya, bwawa la umeme la Nyerere limekamilika, megawati 2115, mgao historia, fundi umeme atakosa kazi kweli?

Jirani:
Historia kwa makaratasi au kwa nyumba? Dada yangu ako Arusha ananiambia stima inapotea bado.

Mpenda Pwani:
Mtani wangu, ninyi Kenya mwezi wa nane 2023 giza liliingia hadi JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, leo unaiuliza Arusha? Kuzalisha ni kitu kimoja, laini na transfoma za mtaani kitu kingine, hilo hata mwanafunzi wa VETA analijua.

Jirani:
Sasa umekubali inapotea.

Mama Nuru:
Jamani siasa hamishieni WhatsApp, huku inbox zinajaa. Mzee, unayo benda ya kuuza?

Mzee wa Hamilton:
Ipo ya nusu inchi na ya robo tatu. Ya robo tatu mpini una kutu kidogo. Mumeo aje Jumapili baada ya saa tisa, na asije na bei za Kariakoo.